Mguu wa Motari kwenye Cherehani Yangu

Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika Kindu, kilichogonga watu hapa kilikuwa baiskeli. Moja, iliyojaa madumu ya mawese, ilimvunja dada yangu mkono kwenye mteremko wa bandarini. Hakuna aliyeuliza karatasi. Kesho yake mama wa yule mwenye baiskeli alifika na mchi begani, akatutwangia sombe, yale majani ya muhogo, kila siku mpaka mkono ulipounga. Ndiyo desturi yetu: aliyekuvunja mkono anakuwa mkono wako. Ule mkono ulichelewa kidogo kupona, maana sombe ya yule mama ilikuwa tamu.

Nayaeleza haya kwanza ili uelewe jinsi nilivyokaribia kupoteza madai yangu mwaka jana.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio mota yake. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, alimkwepa mbuzi akanigonga mimi, nikavunjika kifundo cha mguu huohuo. Mbuzi alikuwa mzima kabisa. Daktari aliandika kwamba nisipopasuliwa na kutiwa chuma nitatembea, lakini kushona nisahau. Bahati nzuri tajiri mwenye pikipiki alikuwa ameikatia asiransi, yaani bima. Basi nikapeleka karatasi ya daktari na ya polisi, nikaomba asiransi ilipie upasuaji. Wakasema watamtuma mtu aje kunitazama.

Siku ya tatu motari alikuja na samaki wakavu wa Lokandu. Akamsalimia dada, akavuta kiti kando yangu, akaweka mguu wake kwenye kikanyagio. Mimi naongoza kitambaa, yeye anakanyaga. Mwanzoni alikanyaga kama anayewahi abiria, na shati la kwanza lilishonwa mkono pamoja na mfuko. Nikamfundisha polepole: kisigino, kisha vidole. Hakuna mguu usiofundishika. Wiki ya pili tulikuwa tunamaliza sare za shule.

Bwana wa asiransi akatukuta hivyo. Akazisifu sare, akauliza kama kazi inaendelea. Nami kwa kiburi cha fundi nikajibu inaendelea vizuri sana. Akaandika kwa Kifaransa. Dada, ambaye Kifaransa chake kinanishinda, alikuwa amesimama nyuma ya bega lake.

"Mudogo wangu," akasema, "ameandika unafanya kazi kama kawaida."

Nikamwomba yule bwana ainame achungulie chini ya cherehani. Akainama. Akaona kiatu kikubwa cha mwanaume.

"Huu mguu ni wa nani?"

"Njo wangu, papa," motari akasema. "Wa mama niliuvunja."

Yule bwana akaeleza kwa upole kwamba kwenye fomu yake hapakuwa na nafasi ya mguu wa kuazima. Dada akamwambia basi aandike kwamba mguu unafika saa mbili na saa sita unarudi kwa bibi yake kula.

Nilimwomba motari ainuke. Nikauweka mguu wangu mahali pake, nikasukuma. Sindano ilishuka mara moja, ikabaki ndani ya kitambaa, na macho yangu yakajaa machozi niliyokuwa nimeyaficha wiki mbili. Hakuna aliyetania tena. Yule bwana akafuta mstari wake, akaandika mwingine, akampa motari kalamu atie sahihi kama shahidi.

Upasuaji ulilipiwa, baada ya safari nyingi za kwenda kuuliza. Ukidai, ndugu msomaji, usichoke kuuliza, na eleza desturi yako kabla ya kujisifu. Anayekuandika huenda hajawahi kutwangiwa sombe.

Siku hizi nakanyaga mwenyewe. Motari akipita na abiria anapunguza mwendo.

"Mama, mguu wetu iko?"

"Iko," namjibu. "Angalia mbuzi."