Jina ya mukubwa wangu haikuwa ya vita

Apana, hapo unakosea. Unasema mutu akiitwa "wananichukia" lazima jina yake inasema watu wa upande fulani wa vita. Mukubwa wangu, yule aliyezaliwa mbele yangu, alipewa ile jina kwa Kirundi vita haijaanza, kule mulimani kwetu, na mi naweza kukupeleka mpaka kwenye shamba yenyewe ukaone.

Jirani yetu kila mwaka alikuwa anasogeza uzio wake wa miti ya miyenzi, anakula shamba yetu kidogo kidogo. Baba hakuenda kupigana. Mukubwa wangu akazaliwa, baba akamupa ile jina. Kwetu jina ni maneno unamutumia jirani bila kumutazama usoni. Kila jioni mama anaita mutoto aje kula, anaita kwa nguvu, jirani anasikia. Na yeye akatafuta mbwa, akaiita "mnanisingizia". Njo walikuwa wanajibizana hivyo.

Sasa vita ikatutoa Mutakura, mutaa ya muji tulikokuwa tumehamia, mi na mukubwa wangu. Mzee mumoja, fundi wa magari, akatupa chumba ndani ya parsele yake, ua yenye vyumba vya wapangaji, mutaa ya Buyenzi. Siku ya pili mupangaji mumoja, mama aliyefiwa na bwana yake kwenye hii vita, akaona jina kwenye karta ya kitambulisho ya mukubwa wangu. Akasimama katikati ya parsele.

"Nani anamuchukia? Sisi? Atoke."

Hatukuwa na kwingine kwa kwenda. Mukubwa wangu mupole, akaanza kukunja mukeka. Mi damu ikapanda. Nikaeleza yote mbele ya wapangaji wote: miyenzi, mama, mbwa.

Yule mama akaniuliza, "Na hiyo mbwa ilikuwa inaitika?"

"Mama, ilikuwa inaitika kuliko huyu."

Akageuza uso, sababu hakutaka tuone anacheka.

Mzee akasema, "Basi, abaki. Lakini hapa tumuite jina ingine, wageni wasituletee maneno."

"Apana, Mzee. Hiyo jina ni baba anaongea, na baba alikufa. Haibadilishwi."

"We mutoto una kichwa ngumu. Basi mugeni yeyote akiingia, we njo utamueleza."

Nikakubali. Miezi saba nilieleza. Muuza makaa, shemeji za Mzee, hata askari waliokuja kukagua karta, bunduki begani. Wote walisikia habari ya miyenzi mpaka mwisho. Mukubwa wangu akalala pale na jina yake, hakuna aliyemutoa.

Na we unayebisha: jina yako nani alikupa, na alikuwa anamuambia nani?