Kamba ya Kiatu Kwenye Kiti cha Baba

Kwa miaka thelathini na minne Noelene Trewhella alitengeneza meno ya watu wengine. Alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha kliniki moja mjini Ballarat, akichonga nta, akimwaga plasta, akisugua kipande cha rangi ya waridi mpaka kikae sawasawa kwenye ufizi wa mtu asiyemjua. Wenye vinywa hakuwaona, aliwajua kwa taya zao tu. Na kwa kuwa meno ya bandia hupotea na kuchanganyika, hasa kwenye makao ya wazee, alizoea kuchora jina la mwenye meno kwa ncha ya sindano, upande wa chini, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Alipostaafu, mikono ilikataa kustaafu naye. Kwa bahati ilikuwa na pa kwenda. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa amejiunga na klabu ya waunda ndege ndogo za mfano, watu wazima wanaonunua seti ya plastiki wakakaa nayo mwaka mzima, wakitia nyaya nyembamba kama unywele nyuma ya saa za rubani ambazo nazo hazizidi punje ya mtama. Walikuwa wanaume ishirini na wawili, na yeye. Siku ya kwanza mmoja alimuuliza amekuja kumchukua nani.

"Amekuja kukufundisha wewe kupaka rangi," alijibu mtu mrefu mwenye sweta la kijani. "Kaa hapa, dada. Huyo usimjali, ndege zake zote zinafanana na viazi."

Huyo alikuwa Des Kinnersley, mpima ardhi. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi saa tisa alasiri, Des alikuja na boksi lake nyumbani kwa Noelene, wakakaa pande mbili za meza ya jikoni, taa moja katikati. Miaka kumi na minane. Kuna Alhamisi walizungumza bila kunyamaza, na kuna nyingine walisema maneno manne tu, mawili kati ya hayo yakiwa "nipe msasa."

Klabuni kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: aliyebeba ndege hagusi mlango. Ukionekana umebeba boksi kwa mikono miwili, mtu atainuka tu, hata kama ana chai mdomoni. Wa kumfungulia Noelene alikuwa Des. Wengine walishaacha hata kujaribu.

Ndege aliyoitaka maisha yake yote ilikuwa Beaufort, ya injini mbili, ya jeshi la anga la Australia. Baba yake, Clem, alikuwa mpiga simu ya upepo, yaani mtu wa redio, kwenye mojawapo huko New Guinea wakati wa vita. Nyumbani ilibaki picha moja: Clem amekaa kwenye kiti chake ndani ya ndege, amechoka, anacheka. Ukitazama vizuri kiunoni, mkanda hauna kifungo. Kifungo kilivunjika, vipuri havikuwepo, basi Clem akachomoa kamba ya kiatu chake akaufunga mkanda nayo. Miezi saba aliruka hivyo, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Noelene akiwa mdogo alikisikia kisa hicho karibu kila jioni baba alipoinama kuvua viatu. "Kamba hii," angesema, "imebeba mwanamume mzima juu ya bahari." Mama angejibu kutoka jikoni kwamba ilibeba mwanamume nusu, nusu nyingine ilikuwa maneno.

Seti ya Beaufort ilikuja na kiti, lakini kiti chenyewe kilikuwa kama bakuli la supu. Wenye haraka hununua vipande vya nyongeza vya rezini, ile dawa ya maji inayomwagwa kwenye kalibu ya mpira laini ikakauka ngumu. Kuna mafundi wadogo huku na huko wanaouza viti, magurudumu, mabomba ya moshi, vyote vizuri kuliko vya kiwandani. Ila hakuna duniani aliyeuza kiti chenye kamba ya kiatu. Noelene akakichonga mwenyewe, majuma matano, chini ya kioo cha kukuzia. Kamba aliisokota kwa nyuzi mbili za shaba zilizochomolewa kwenye waya wa simu. Kitanzi kimoja cha fundo kiliteleza kikatoka kirefu kuliko kingine. Alitaka kukirudia, akatazama picha, akakiacha. Hata baba hakuwa hodari wa kufunga viatu.

Des naye alikuwa akiunda Beaufort. Alikishika kile kiti kwa kibanio, akakigeuza kwenye mwanga.

"Nitengenezee kimoja, Noe."

Akamtengenezea. Alipiga kalibu ya silikoni, akamwaga kiti kimoja, akakichora herufi D chini yake kwa ncha ya sindano, kama meno ya zamani. Kisha, Des akitazama, akaikata kalibu vipande kwa kisu cha mkate.

"Hiki ni cha baba," alisema. "Kimoja kwangu, kimoja kwako. Basi."

"Basi," alisema Des.

Hayo yalikuwa ya mwaka uliotangulia. Maonyesho ya klabu yalipofika, mwezi wa Agosti, asubuhi yenye barafu kwenye vioo vya magari, Des alimfungulia mlango wa ukumbi kama kawaida.

"Mpisheni malkia!" aliwapigia kelele waliokuwa kwenye foleni ya chai.

Noelene aliiweka ndege kwenye meza ya kazi ya mkono. Kwenye meza hiyo sheria ni moja: kila kitu cha ndani uwe umekitengeneza mwenyewe. Alikuwa ameandika kadi mara sita mpaka ikamridhisha. Ndege ya Clem Trewhella. Ndani yote imechongwa na binti yake. Ushindi haukumkosesha usingizi. Alichotaka ni kadi hiyo ikae pale siku nzima, watu wainame, waione kamba, waulize.

Saa tano Ruurd Hoekstra, mwamuzi, alimwita pembeni. Ruurd alikuwa mhandisi wa mashine za maziwa, mtu wa haki mpaka anachosha.

"Noelene, usinielewe vibaya. Ndege yako nimeihamisha. Iko meza ya vipande vya kununua."

"Nimenunua nini? Sijanunua hata msumari."

"Kiti."

Noelene alifikiri ni utani. Akamtazama usoni, akaona si utani.

"Acha kuona haya, bibie!" Gavan Moroney, dereva wa lori, alikuwa nyuma yao na keki ya nazi mkononi. "Sote tunanunua. Hicho hicho nimekipata Adelaide mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyemwonyesha Ruurd. Nikasema, ala, kumbe na Noelene naye!" Akatoa pakiti mfukoni.

Ndani ya pakiti kulikuwa na kiti kimoja kilichobaki na karatasi iliyokunjwa. Noelene alikimwaga kiti kiganjani. Hakuhitaji kioo. Lilikuwepo fundo, na vilikuwepo vitanzi viwili, kimoja kirefu kuliko kingine.

Akafungua karatasi. Ilikuwa mchoro wa jinsi ya kupachika kiti, na kila mshale ulikuwa na manyoya mkiani, kama mshale wa upinde. Mtu mmoja tu aliyemjua alichora mishale hivyo. Alikuwa ameiona kwenye kila jarida la klabu, na kwenye kadi zake za siku ya kuzaliwa, ikielekea kwenye keki. Chini ya mchoro kuliandikwa: Fundo lililo ubavuni ni kasoro ya umwagaji. Likate kwa kisu, kisha sugua kwa msasa laini.

Alilisoma hilo mara tatu.

"Lilikuwa linakera hilo," alisema Gavan, akitafuna. "Langu nimelikata. Dakika mbili tu."

Des alikuwa amesimama kando ya birika kubwa la chai, hatua kumi hivi. Aliona pakiti na karatasi. Noelene alimwona akiona. Kisha Des akainamisha macho ndani ya kikombe chake.

"Ruurd," alisema Noelene, "una kalipa?"

"Ninayo." Akachomoa mfukoni kile kipimo chake cha chuma cha kupimia vitu vidogo.

"Pima kiti changu, halafu pima hiki. Unajua mwenyewe rezini ikikauka hunywea. Changu ni mama. Hiki ni mjukuu."

Ruurd akawasha tochi, akainama, akapima polepole, akarudia. "Milimita kumi na moja nukta nne," alisema. Akapima cha pakiti. "Kumi na moja nukta moja." Akanyanyuka, masikio yamemwiva. Watu walikuwa wamesogea, na hakuna kati yao aliyehitaji kuelezwa. "Basi nimekukosea. Hiki ndicho kilichonakiliwa kutoka chako. Nani amefanya hivi?"

Noelene angeweza kunyoosha kidole tu. Lakini alingoja, kwa sababu miaka kumi na minane ni mingi, na hatua kumi si nyingi, na mtu anaweza kuzitembea akisema mwenyewe.

Des alizitembea. Alikuja mpaka mezani, akatikisa kichwa.

"Watu hawana haya siku hizi," alisema. "Huko Adelaide wananakili chochote."

Hapo ndipo kitu kilipomvunjika Noelene, si pale kwenye karatasi. Kwenye karatasi alikuwa bado anamtafutia sababu.

Beaufort ya Des ilikuwa meza iliyofuata. Noelene akaiendea. Ndege ya mtu haiguswi, hilo nalo halikuandikwa popote.

"Des, naruhusiwa?"

Kila mtu alikuwa akimtazama Des. "We, Noe, kwa nini..."

"Naruhusiwa au siruhusiwi?"

Akaitikia kwa kichwa. Noelene alijua Des hagandishi viti kwa gundi kali, huvishikiza kwa tone la gundi nyeupe ili avitoe akitaka kupiga picha. Alikuwa akimcheka kwa hilo. Akaingiza kibanio kwa juu, akakitingisha kiti mara moja, kikatoka. Akakigeuza.

Chini kulikuwa kumesuguliwa bapa. Hakukuwa na D.

"Changu kiko wapi?"

"Noe, tuongee nje."

"Nilichokupa. Kiko wapi?"

Des alilamba midomo. "Kilikwama," alisema mwishowe. "Kwenye silikoni. Nilipokivuta kikakatika."

"Loo," alisema Gavan taratibu. Akaiweka keki chini.

"Sikiliza kwanza," alisema Des. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, vidole vikitetemeka kama majani. "Unaona hii. Siwezi kuunda kitu tena. Nikasema angalau nimalize nikiwa nimetoa pakiti moja sokoni, watu waseme hii kazi nzuri. Pakiti moja tu."

"Mikono yako naijua. Nani amekupakia rangi vioo vya hiyo ndege tangu Pasaka?"

"Ningekuomba ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. "Na fundo? Ulisahau ni nini?"

Des aliishusha mikono. Ingekuwa afadhali angesema amesahau.

"Sikusahau," alisema. "Lakini wanunuzi wangeuliza, Noe. Kamba ya kiatu kwenye ndege. Ningewajibu nini?"

Noelene alimtazama. Kulikuwa na jibu, jibu fupi la baba, alilompa yeye mwenyewe mezani kwake, picha ikiwa katikati yao, na Des aliwahi kulicheka mpaka akafuta machozi. Akakiweka kiti cha bandia mezani mbele yake.

Ruurd aliinyanyua ndege ya Clem kwa mikono miwili ili airudishe kwenye meza yake, kadi ameishika kwa meno. Noelene akamzuia.

"Naiondoa."

"Noelene, tafadhali. Haki yako iko wazi. Iache watu waione."

"Watu wameshakiona hicho kiti," alisema. "Wamekikata kwa kisu."

Akaipanga ndege kwenye boksi lake, sponji chini, sponji ubavuni. Gavan alisogea, akasimama kama mtu aliyekosea njia.

"Bibie. Langu nimeshalikata, sikujua. Lakini lilifungwaje? Nikitaka kulirudisha."

Noelene alifungua mdomo, akaona kwamba akianza kueleza hatamaliza. "Siku nyingine, Gavan," alisema.

Akabeba boksi. Des alikuwa amefika mlangoni kabla yake. Labda hakufikiri, labda miguu ilimpeleka yenyewe. Alikuwa ameuvuta mlango mpaka mwisho, amebana mgongo ukutani kumwachia nafasi, na baridi ya Agosti ilikuwa inaingia na kupeperusha kadi mezani.

Noelene alisimama palepale.

"Funga, Des. Baridi inaingia."

"Pita kwanza."

"Funga."

Ukumbi mzima ulisikia kitasa kikigonga. Des alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Mtu mwingine aliinuka kutoka kwenye kiti, akaona uso wa Noelene, akakaa tena. Noelene aliliweka boksi juu ya meza ya tiketi, akaufungua mlango kwa mkono wake, akauegesha kwa mkoba wake wenye picha ya baba ndani, akarudi kulichukua boksi. Ilimchukua muda. Kisha akatoka, akauvuta mkoba kwa mguu, na mlango ukajifunga nyuma yake.