Vitabu vya Kutisha vya Mama Limi

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu. Ni siku wanaume watatu walipofika nyumbani kwa Mama Limi, pale Runzewe, wakiwa na kuku mweupe, wakamwomba aitengue hadithi aliyoiandika.

Najua unacheka nikikuita mwanangu. Tumepishana miaka minane tu, lakini mama yako ni dada yangu, na kwa ukoo wetu hilo linatosha kunipa uzee. Basi nivumilie leo niutumie uzee huo, kwa sababu juzi ulikitupa mezani kitabu cha Mama Limi ukasema watu wazima hawapaswi kuogopa karatasi. Maneno hayo nayafahamu. Yalikuwa yangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna, nikapata kibarua cha kumchapia Mama Limi miswada yake kwenye kompyuta. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, mnene, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa jirani. Na huyo ndiye aliyeandika mambo ya kukufanya ulale na taa ikiwaka. Aliandika habari za mama mkwe aliyerudi kutoka kaburini kukagua jiko la mkamwana wake. Aliandika habari za abiria wa basi ambaye hakuna aliyemwona akipanda. Madereva wa malori kule Isaka walivinunua vitabu vyake, kisha wakalalamika kwamba hawawezi tena kulala peke yao ndani ya gari. Yeye mwenyewe, mende akipita, alipanda juu ya kiti na kuniita nije nimuue. Nilimpenda tangu siku aliponipikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga na kukataa nianze kuchapa kabla sijashiba.

Nilimsumbua kwa maswali. Kwa nini aandike giza wakati watu wana shida za kutosha? Kwa nini asiandike mapenzi?

"Mapenzi nimeyafanyia kazi miaka yangu yote ya ndoa," alinijibu. "Niache nipumzike."

Kitabu kilichowaleta wale wanaume kilihusu mchimbaji anayesikia mtu akigonga upande wa pili wa mwamba. Naye akigonga, anajibiwa. Kilisomwa kwa sauti kambini, kwenye duara moja la dhahabu, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na tangu hapo wachimbaji wakaanza kusikia mwamba ukigongwa vilevile kama kitabuni. Wakagoma kushuka. Mwenye duara akawaambia kwamba Jumatatu wasiposhuka, nafasi zao watapewa wengine. Kisha akaja mwenyewe na wawili kati yao kutafuta ufumbuzi. Unajua machimboni watu huenda kwa mganga kabla ya kufungua shimo jipya. Kwa hiyo waliona kwamba ikiwa Mama Limi ameweka kitu shimoni kwa kuandika, basi anaweza pia kukitoa.

"Shikamoo, Mama," alisema mwenye duara.

"Marahaba, baba. Huyo kuku ni wa mboga au wa kazi?"

"Wa kazi, Mama. Tunaomba utufungulie."

Nilidakia kabla Mama Limi hajajibu. Niliwaambia hakuna kitu shimoni. Mwamba hupasuka, maji hudondoka, mwangwi hurudi. Na hadithi ni hadithi tu, imetungwa hapahapa mezani, mimi ndiye niliyeichapa. Washuke wakafanye kazi.

Mwenye duara alitabasamu. "Mmemsikia msomi? Jumatatu tunashuka."

Nilijisikia vizuri sana, lakini si kwa muda mrefu.

"Msimjali sana," Mama Limi aliwaambia. "Digrii yake bado ya moto." Wachimbaji wakacheka kidogo. Kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Umewaambia washuke. Umewauliza wanaogopa nini?"

"Wanaogopa kitabu chako, Mama."

"Kitabu changu kimesomwa Isaka na kimesomwa machimboni Maganzo. Mbona huko hakuna aliyegoma? Wewe unayeuliza kila kitu, hilo hukuliuliza."

Mama Limi akamtazama mmoja wa wale wachimbaji, Masanja, mtu wa miraba minne ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu afike.

"Baba, huyo anayegonga, wewe unamfahamu?"

Masanja aliitazama mikono yake. "Ni Shija, Mama."

Mwenye duara akamwambia anyamaze.

"Hapa ni kwangu," alisema Mama Limi. "Wa kunyamazishwa hapa ni huyo kuku tu. Sema, baba."

Masanja akasema. Msimu wa mvua, udongo ulimfunika Shija kwenye njia ya pembeni. Waliambiwa amekwisha kufa, wasipoteze muda. Njia ikazibwa, kazi ikahamia upande wa pili. Mama yake Shija, kule Maganzo, akaambiwa mwanawe amehamia machimbo mengine. Hakukuwa na msiba wala kaburi.

"Tulikuwa tukishuka pamoja kila siku," alisema Masanja. "Kile kitabu kiliposomwa, wenzangu wote walinitazama mimi."

Mama Limi hakuwahi kusikia habari za Shija. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kuku simchukui," alisema. "Nikimchukua mtashuka mkidhani nimeyamaliza. Mimi sikuweka kitu mle, kwa hiyo sina cha kutoa. Wa kumtoa ni ninyi."

Mwenye duara alisema hiyo ni gharama, na kazi itasimama.

"Jumatatu nitashuka, bosi," alisema Masanja. "Lakini nitashukia njia ya Shija." Mwenzake akasema na yeye vilevile.

Mwenye duara akawatazama, kisha akatutazama sisi wanawake wawili ambao sasa tulikuwa tumesikia yote. Akakubali. Mama Limi akampigia simu mwenyekiti wa kijiji palepale, na akasisitiza magogo ya kuegemeza kuta yawekwe kwanza, maana hakutaka tumlilie mtu wa pili.

Walimtoa Shija wiki ileile. Tulikwenda Maganzo na Masanja kumwambia mama yake. Mama yule hakuuliza habari za kitabu wala za dhahabu. Aliuliza kama mwanawe alikuwa amevaa viatu. Masanja akamwambia ndiyo, alikuwa navyo.

Mwanangu, mimi bado siamini kwamba Shija aligonga. Mwamba hupasuka, na sitaki wewe uache kusema hivyo. Ninachokusihi ni kwamba usianze na jibu. Mtu akikuambia anaogopa, usimwambie hakuna kitu kabla hujamuuliza anamwogopa nani, na tangu lini. Kitabu kikimtetemesha mtu mzima, usimcheke. Kaa naye ujue kimemgusa wapi. Shuku kila kitu, na uishuku pia ile raha ya kuonekana umewazidi wengine. Kisha kiokote kile kitabu ukisome hadi mwisho. Kisome mchana ukitaka. Hata mimi huvisoma mchana.

Nakuombea maswali yasikuishie, na siku utakayoogopa usikose wa kukuuliza kwa upole. Na popote utakaposhuka katika maisha haya, Mungu akupe watu watakaokataa kuendelea na kazi mpaka wewe urudi juu.