Alifagia njia ya Ekaristi, kumbe anafuta ajali ya mdogo wake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu bado umeikalia milima ya Litembo, na Scholastica Kumburu amezama hadi magotini ndani ya mtaro, jembe mkononi, akitoa matope na majani yaliyoziba njia ya maji. Mvua za kwanza zimeshabisha hodi. Mtaro huu usipozibuliwa wiki hii, maji yatapanda barabarani na kuikata.

Mngurumo wa gari unasikika kutoka juu. Scholastica anaacha jembe, anapanda ukingo wa upande wa mlima na kubana mgongo kwenye udongo. Gari linapita. Analisindikiza kwa macho mpaka linapotea, huku midomo yake ikisoma namba za nyuma polepole.

"Zamani sikuwa nasoma namba za gari la mtu," anasema akirudi mtaroni. "Sasa nazisoma zote. Hata la padri."

Scholastica ana miaka 41 na ni kibarua wa barabara. Kwa miaka sita amefyeka kingo, amezibua mitaro na kujaza mashimo kati ya Litembo na njia ya kwenda Mbinga mjini, kwa ujira wa Sh8,000 kwa siku, siku ambazo kazi ipo. Kona za barabara hii anazijua kuliko madereva wengi wanaozikata kwa mbwembwe.

Jumanne ijayo hatashika jembe. Atapanda kizimbani mjini Mbinga kama shahidi, katika kesi ya dereva wa pikapu anayedaiwa kumgonga mdogo wake, Kilian, na kukimbia. Dereva huyo amekana shitaka, na kwa kuwa kesi ipo mahakamani, simulizi hii haimtaji jina.

Kilian ana miaka 29, ni mwendesha bodaboda. Wazazi wao walifariki akiwa darasa la pili, na Scholastica ndiye aliyemlea.

"Mimi kwake ni dada, lakini sare za shule nilishona mimi, na kipaimara nilimpeleka mimi," anasema. "Kwa hiyo ukiniuliza aliyegongwa ni nani wangu, sijui nikujibu nini."

Ilikuwa Juni, Jumapili ya sikukuu ya Ekaristi. Huku Umatengoni siku hiyo haina mchezo. Padri hubeba Ekaristi Takatifu kwa maandamano kupita barabarani, waumini nyuma wakiimba, na kila jumuiya hukabidhiwa kipande chake cha barabara ikifagie na kukipamba. Jumuiya ikikabidhi kipande kichafu, itasemwa mpaka sikukuu nyingine.

Jumuiya ya Scholastica ilipewa kona iliyo juu ya shamba la Mzee Bernadi, mkulima anayeishi kando ya barabara. Kwa kuwa yeye ni mtu wa barabara, wenzake walimwachia usimamizi. Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa tayari hapo, wanawake sita na mafagio yao.

Wasichojua ni kwamba saa moja kabla, kwenye kona hiyohiyo, Kilian alikuwa akiteremka kwenda Mbinga kuchukua abiria wa basi, akagongwa kwa nyuma na kutupwa. Aliyemgonga hakusimama. Dereva wa lori la mbao aliyepita baadaye ndiye aliyemkuta hana fahamu, akampakia na kumkimbiza hospitali. Pikipiki aliisukuma hadi nyuma ya jiko la Mzee Bernadi ili isiibiwe.

Alitenda wema, tena wema mkubwa. Lakini barabarani kilibaki kidogo sana cha kusema kilichotokea. Vilibaki vioo vilivyotapakaa, na doa.

Hapo ndipo Scholastica anaposita kusimulia. Anang'oa jani la mgomba lililonasa kwenye jembe, analitupa, anakaa ukingoni.

"Vioo nilidhani chupa," anasema. "Usiku wa kuamkia sikukuu watu hunywa. Nikasema haya, fagieni, watoto watatembea hapa na ndala."

Na doa?

Anafuta matope viganjani. "Nilijua ni damu. Sikujua ni ya mtu. Nyumba za kule juu huchinja nguruwe siku ya sikukuu, wanaburuta nyama barabarani kupeleka kwa jirani. Nikawalaani kimoyomoyo, kwamba wametuchafulia njia ya Bwana. Nikachota udongo mtaroni kwa mikono yangu, nikafukia. Kisha nikapanga maua juu."

Maandamano yalipita saa tatu. Scholastica alikuwa mstari wa mbele wa jumuiya yake, akiimba. Alipita juu ya udongo ule na maua yale.

Taarifa ilimfikia baada ya misa, karibu saa tano. Mwenyekiti wa jumuiya alimvuta pembeni na kumwambia Kilian yuko wodini, mguu wa kulia umevunjika mara mbili na kichwa kimepasuka. Scholastica akauliza ajali imetokea wapi.

"Akaniambia, 'Pale kwenye kona mliyofagia.' Nilikaa chini palepale na kitenge changu cha sikukuu."

Askari wa usalama barabarani alipofika mchana alikuta barabara safi na maua. Hapakuwa na kioo wala alama ya tairi, miguu ya mamia ya watu ilikuwa imepita, na pikipiki ilikuwa imebondeka kote kiasi cha kutojulikana iligongwa wapi. Aliandika alichokiona, yaani hakuna dalili ya gari lingine. Kilian alipozinduka siku ya tatu hakukumbuka chochote zaidi ya kuwasha pikipiki nyumbani.

Maneno yakaanza. Bodaboda, alfajiri, mkesha wa sikukuu, kaanguka mwenyewe. Utamwambia nini mtu? Kijiweni wakasema alikuwa amelewa. Sokoni wakaongeza kwamba alionekana na chupa. Lisemwalo lipo, walisema, na methali hii ina dhambi zake nyingi. Kilian hanywi pombe. Ana vidonda vya tumbo tangu ujana na hata chai ya rangi humsumbua.

Kilichomuumiza Scholastica zaidi ni siku mdogo wake mwenyewe alipoanza kuamini. "Aliniambia, 'Dada, labda nilisinzia tu. Labda nilianguka.' Nikatoka nje ya wodi nikalia. Mimi nilijua vioo vilikuwepo. Nilivifagia mimi."

Akaamua kuvitafuta.

Takataka za siku ile walizijaza kwenye vikapu na kuzimwaga chini ya barabara, katika shamba la ngolo la Mzee Bernadi. Kwa asiyejua, ngolo ni kilimo cha Wamatengo cha mashimo yaliyopangwa mlimani kama masega, kila shimo upana wa meza ya chakula, na mazao hupandwa kwenye matuta yanayozunguka. Mashimo huzuia maji ya mvua yasibebe udongo. Yanameza pia kila kinachotupwa.

Wanawake wale sita hawakukubaliana walimwaga wapi. Huyu alisema karibu na mparachichi, yule alisema chini zaidi. Na muda haukuwepo, kwa sababu maharage kwenye matuta yalikuwa yamekauka. Yakishang'olewa, mabua hutupwa shimoni na kufukiwa kuwa mbolea, na kioo kikifukiwa hapo ndiyo basi.

Scholastica alimwendea Mzee Bernadi, akampa shikamoo, akamweleza. Mzee huyo, 74, anakumbuka siku hiyo vizuri.

"Maganda yalishaanza kupasuka, maharage yanamwagika chini," anasema. "Mke wangu alinuna. Nikamwambia, maharage tutapanda mwakani. Jina la mtoto wa watu likishazikwa halioti tena. Nikampa Scholastica wiki mbili."

Kila siku akitoka kibaruani saa tisa, Scholastica aliingia shambani na kutafuta mpaka jua likazama. Alishuka shimo moja baada ya jingine, akipekua majani yaliyooza kwa vidole ili asivunje zaidi kilichovunjika. Mikono ilikatwa na vipande vya chupa ambavyo kweli vilikuwa vya chupa. Watu walipita barabarani juu yake, wengine wakimpa pole, wengine wakicheka kwamba dada wa mlevi anatafuta chupa ya mdogo wake.

Alipekua mashimo 163. Siku ya kumi na moja, zikiwa zimebaki siku tatu, akakuta maua makavu yaliyochanganyika na vipande vya plastiki ngumu na kioo cha taa ya gari. Kipande kimoja, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kilikuwa na maandishi yaliyochongwa: tarakimu 7 na herufi D.

Wenye magari nchini huchonga namba za usajili kwenye taa na vioo, ili vikiibiwa vijulikane. Askari aliyepokea kipande hicho alikipeleka kwa Abdulkarimu, muuza vipuri mjini Mbinga ambaye pia ana mashine ya kuchonga. Hakuchukua muda.

"Hii saba ni ya mkono wangu," Abdulkarimu anasema dukani kwake. "Mimi saba naipiga mstari katikati, alinifundisha hivyo marehemu baba yangu."

Aliitambua taa kuwa ya pikapu, akawakumbuka wenye pikapu aliowachongea, na polisi wakaanza kuzifuatilia moja moja. Wiki mbili baadaye, huko chini ziwani, ufukweni Lundo, waliikuta pikapu moja ikipakia magunia ya dagaa. Namba zake zilikuwa na 7 na D zikifuatana. Taa yake ya kushoto ilikuwa mpya, haijachongwa kitu.

Kwa ushahidi wake, Abdulkarimu amepoteza baadhi ya wateja, na kuna aliyemshauri asahau. "Nimeandika namba ili gari lisiibiwe," anasema. "Leo niukatae mkono wangu kwa sababu gari limeiba mguu wa mtu?"

Mshtakiwa anasema taa yake ilipasuliwa na jiwe wiki moja kabla, kwenye barabara hiyohiyo, na vioo vikabaki njiani. Si utetezi wa kudharau. Kipande kilitoka shimoni, si barabarani. Ni nani anayeweza kuapa kwamba kilianguka alfajiri ile, na si wiki iliyotangulia?

Anayeweza ni mtu mmoja. Dereva wa lori alifika gizani, na wanawake wengine walifagia vioo vya pembeni tu. Scholastica aliviona vioo vikiwa juu ya damu mbichi, vingine vimelowa. Mtu huyo, katika maelezo yake ya kwanza polisi, hakuitaja damu kabisa. Alisema walifagia "vioo na takataka".

"Niliona aibu," anasema bila kujitetea. "Ningeanzaje kumwambia mtu kwamba nilifukia damu ya mdogo wangu nikaweka maua? Nikasema vioo vinatosha. Kumbe havitoshi."

Mwezi uliopita alirudi kituoni na kuandikisha maelezo ya nyongeza. Mpelelezi alimwonya kwamba wakili wa utetezi atamuuliza kwa nini alificha, na kama aliweza kuficha jana, kwa nini aaminiwe leo. Akamwambia ajiandae kuumbuliwa mbele ya watu.

Scholastica haogopi wakili. Aliyemwogopa ni mtu mmoja tu atakayeketi kwenye benchi siku hiyo. Kilian alijua jumuiya ilifagia, lakini habari ya damu alikuwa hajaisikia. Mwandishi alipoomba kuandika simulizi hii, Scholastica alitoa sharti moja: isitoke kabla hajamwambia. Kwa siku nne alikuwa akisema kesho.

Mficha uchi hazai. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alimwita mwandishi nyumbani kwa Kilian, akisema akiwa na mgeni hataweza kukimbia.

Kilian alikuwa kibarazani akichambua mbegu za mahindi, mguu wenye chuma ameunyoosha juu ya kigoda. Magongo yake yaliegemea ukuta. Tangu Juni hajaendesha, na vijana wa kijiweni wameshampa mtu mwingine nafasi yake ya kuegesha. Alimkaribisha mgeni kwa uchangamfu, akamtania dada yake kwamba leo kavaa viatu.

Scholastica hakucheka. Hakukaa pia. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia ufagio, doa, nguruwe na laana ya kimoyomoyo, hadi udongo wa mtaroni, maua, wimbo. Alisema pia kwamba mwanzoni hata polisi hakuwaambia. Sauti ilikatika mara moja tu, aliposema "kwa mikono yangu hii".

Kilian aliacha kuchambua. Punje zilibaki kiganjani mwake. Kwa mara ya kwanza katika siku zote za kuonana naye, Scholastica alionekana mzee.

"Ilikuwa nyingi?" Kilian aliuliza hatimaye.

"Ilikuwa nyingi."

"Na vioo vilikuwa ndani yake?"

"Vilikuwa ndani yake. Vingine nilivitoa kwanza, ndipo nikafukia."

Kilian aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yalikuwa yamelowa, lakini uso ulikuwa umefunguka.

"Miezi mitano, dada," alisema. "Miezi mitano nalala nikijiuliza kama nilijiangusha mwenyewe. Watu wanasema, na mimi kichwani sina kitu cha kuwajibu. Kumbe wewe ulikiona."

Scholastica alianza kuomba msamaha. Kilian alimkatisha kwa mkono.

Mpango wao wa Jumanne ni mfupi. Wataondoka alfajiri kwa gari la jirani, kwa sababu Kilian bado hawezi kupanda pikipiki. Yeye atakaa benchi la mbele. Scholastica ataulizwa kwa nini alificha, naye atajibu kwamba aliona aibu, basi. Hukumu itakuwa ya hakimu. Kitu kimoja tu Kilian alimwomba dada yake, na alikisema akiwa amemshika mkono.

"Hiyo damu uiseme hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Usipunguze hata tone."