Moto Uliozuiwa Mlangoni

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwanangu, upepo ukipita mtaa wetu wa Troyeville na kutuletea vumbi la manjano la vilima vya mchanga wa migodi. Mgeni akisikia mwezi wa nane hudhani baridi imekwisha, maana mchana jua linawaka na mipichi inaanza kutoa maua. Usidanganyike. Baridi ya Johannesburg huondoka kama mgeni anayeaga: keshasimama mlangoni, lakini maneno yake hayajaisha. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya, kwa sababu inakukuta umeshachoka.

Ilikuwa mwaka 2016. Sikuwa msichana, mvi zilikuwa zimeanza kunichungulia. Lakini mtu akihama nchi huzaliwa upya, na mimi nilikuwa nimetoka Uvira miezi michache tu. Katika mji huu nilikuwa mtoto mchanga: sijui njia, sijui lugha, sijui hata baridi yenyewe. Kwa hiyo ninapokusimulia ujana wangu, elewa ujana wa namna hiyo.

Tuliishi katika nyumba ya zamani yenye vyumba vingi na ua katikati, kila familia chumba chake. Chetu kilikuwa na mimi, mwanangu Baraka aliyekuwa mlinzi wa maduka kule Randburg, mkewe Riziki, na mjukuu wangu Mapendo. Mapendo alizaliwa kabla ya wakati wake, kichwa kama chungwa, vidole kama njiti. Hospitali walikaa naye wiki kadhaa, kisha wakaturuhusu tumlete nyumbani. Manesi walimwagiza Riziki jambo moja kuliko mengine yote: mtoto asipate baridi. Wakamfundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya blanketi, naye akawa anafanya hivyo mchana na usiku.

Ng'ambo ya ua alikaa Bibi Zaituni, mwanamke wa Buyenzi kule Bujumbura, aliyeuzoea mji huu kuliko sisi sote. Yeye Mwislamu, mimi mtu wa kanisa, na hilo halikutuzuia kukaa juani pamoja. Ndiye aliyenifundisha kufuma. Alinipa sindano zake mbili na nyuzi za sufu alizofumua kwenye sweta kuukuu. Nilipomwonyesha kofia yangu ya kwanza, aliivuta huku na huku, halafu akaifumua yote mbele ya macho yangu.

"Mama Baraka, unafuma kama mtu anayefunga mzigo wa kuvusha mpaka," akasema. "Legeza mkono. Mtoto anataka kofia, hataki jela."

Nilinuna siku nzima. Lakini jungu kuu halikosi ukoko. Kofia ya pili ilinitoka vizuri, na ndiyo Mapendo aliyokuwa akivaa.

Basi Jumapili hiyo umeme haukuwapo tangu alfajiri. Watu walisema waya za mtaa zimeibiwa. Riziki naye aliamka na homa na kikohozi kizito. Mwili haujengwi kwa mbao, mwanangu. Akaogopa kumwambukiza mtoto, akamlaza kitandani, mwenyewe akajikunyata kwenye kona, khanga imemziba pua. Nilimvisha mjukuu wangu sweta, soksi na ile kofia, nikamfunika mablanketi mawili, nikaona nimemaliza kazi. Sikujua kwamba nguo haina moto wake. Nguo hutunza joto la anayeivaa, na yule mtoto hakuwa na joto la kutunzwa.

Alasiri nikaingiza mkono chini ya blanketi nikamshika mguu. Ulikuwa baridi kama kijiko. Midomo ilikuwa inabadilika rangi, na kulia alikuwa ameacha. Mtoto anayelia anakusumbua. Mtoto anayenyamaza ndiye anayekutisha.

Utaniuliza kwa nini sikumweka kifuani mwangu. Nilidhani kubebwa kule ni kazi ya mama aliyezaa, jambo la maziwa. Baraka alidhani vivyo hivyo. Nilipomwambia mguu wa mtoto ulivyo, alitoka mbio bila hata kofia. Wahenga wanasema haraka haraka haina baraka, na siku hiyo Baraka wangu alikuwa na haraka.

Alirudi amebeba mbaula, lile debe lililotobolewa matundu, limejaa makaa ya mawe mekundu. Lilikuwa la jirani yetu Kasongo, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, aliyekaa peke yake chumba cha pili, ukuta mmoja na sisi. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, hayatoi hata uzi wa moshi.

"Eish, Mama, sogeza kitanda," Baraka akasema kutoka uani. "Na hilo dirisha lizibe."

Nikasogeza kitanda. Nikachukua gazeti nikaanza kuziba dirisha. Wakati huohuo Bibi Zaituni alikuwa anakuja na kikombe cha chai ya tangawizi kwa ajili ya mgonjwa. Alimwona Baraka, akaiona mbaula, akaniona mimi na gazeti mkononi. Aliweka kikombe chini taratibu. Kisha akakaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu, akaziba mlango mzima kwa mwili wake.

"Bibi, naomba unipishe," Baraka akasema.

"Sikupishi."

"Mtoto anakufa kwa baridi."

"Ukiingiza hiyo mtakufa wote kwa joto. Wewe, mkeo, mama yako na huyo mtoto."

"Haina moshi, Bibi. Angalia mwenyewe. Imeshawaka."

"Ndiyo maana naiogopa," Bibi akajibu.

Mkono wa waya wa lile debe ulikuwa unamuunguza Baraka. Nilimwona anabadilisha vidole. Mshipa wa shingo ulimsimama. Akasema maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtu mzima: "Wewe si bibi yangu. Hiki ni chumba changu na huyu ni mtoto wangu."

Watu wakaanza kutoka milangoni mwao. Nyuma yangu mtoto alikuwa kimya, mbele yangu moto, na katikati mwanamke mzee aliyekaa chini. Unajua kwetu kijana hamruki mzee. Nami nikaona mguu wa mwanangu unainuka. Nilitaka kupiga kelele. Sikujua hata ningemkemea nani, yeye au Bibi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale tulikuwa wazazi wawili tumechanganyikiwa.

Bibi hakusogea. Alimtazama tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, una hasira. Mtu mwenye hasira damu yake inachemka. Joto hilo ndilo ninalolitaka. Rudisha moto huo kwa mwenyewe, uje uvue shati."

Baraka akabaki na mguu wake hewani, hajaelewa. Ndipo Riziki akaongea kutoka kwenye kona, sauti imekauka. "Nesi alisema hata baba anaweza kumbeba. Niliona haya kukuambia."

Mguu ukashuka. Baraka aligeuka, akaipeleka mbaula kwa Kasongo. Tukamsikia Kasongo anacheka, "Basi leo nitaota mimi." Bibi akapaza sauti kutoka pale chini, "Kasongo, iache uani hiyo." Naye akaitikia, "Ndiyo, Bibi." Lakini kuna ndiyo ya kukubali, mwanangu, na kuna ndiyo ya kumnyamazisha mzee.

Baraka akarudi, akavua shati mbele ya mama yake na mkewe, amekunja uso. Bibi alimvua Mapendo sweta, akamwachia nepi na kofia, akamlaza juu ya kifua cha baba yake. Mimi nikamzungushia kitenge nikakaza, juu yake mablanketi yote mawili. Tukakaa kungoja.

Hakuna kilichotokea. Naomba uelewe hapo, kwa sababu mtu akisimuliwa hudhani dawa hufanya kazi papo hapo. Tulingoja mpaka nikaanza kumchukia yule bibi moyoni. Upepo unagonga mabati. Upande wa pili wa ukuta, cherehani ya Kasongo inakwenda, tak-tak-tak, maana hata Jumapili hakosi kazi ya mtu. Baraka alikuwa anapumua polepole kama anaogopa kumwamsha mtu. Kila mara Bibi aliingiza mkono chini ya blanketi, akautoa.

Halafu Baraka akasema, "Amenikwangua." Akarudia, "Amenikwangua na kucha." Na Mapendo akalia. Kilikuwa kilio chembamba kama cha paka, lakini kilio. Riziki alifunika uso kwa khanga. Nikashika ule mguu. Haukuwa kijiko tena.

Nilikuwa bado nimeushika mguu Bibi alipoinua kichwa. "Cherehani imenyamaza," akasema.

"Labda amepumzika," nikamjibu.

"Mama Baraka, nenda kagonge."

Nilitoka. Mbaula haikuwapo uani. Mlango wa Kasongo ulikuwa umefungwa, na chini yake alikuwa ameziba kwa gunia. Niligonga. Nikasikia sauti inayoburuta maneno kama ya mlevi, na Kasongo hakuwa mnywaji. Niligonga tena. Safari hii hakuna jibu. Nikamwita Baraka kwa nguvu zangu zote.

Alitokea mlangoni na mtoto kifuani, tayari kukimbia. Bibi akamshika mkono. "Mtoto kwanza. Mpe mama yake." Riziki alijifunga khanga vizuri puani na mdomoni, homa na yote, akampokea bintiye kifuani. Ndipo Baraka akauvamia mlango kwa bega, kifua wazi katika upepo ule, mara ya kwanza, mara ya pili, ukaachia.

Kasongo alikuwa amelala sakafuni kando ya cherehani, suruali ya mteja bado iko chini ya sindano. Mbaula ilikuwa miguuni pake, nyekundu, nzuri, haina moshi wowote. Ningeweza kuapa kwamba chumba kile ni salama. Lakini nilipovuta pumzi chache tu kichwa kikaanza kuzunguka. Tulimshika mikono, tukamburuta mpaka uani, tukamlaza upepo unapopita. Alikuwa anapumua kidogo sana. Mmalawi mmoja wa chumba cha mbele alikuwa na pikapu; wakampakia, Baraka akapanda nyuma naye, amevaa koti juu ya ngozi tupu.

Jua lilikuwa linazama simu ilipolia, Baraka akiwa hospitali. Kasongo alikuwa amefumbua macho, ametapika, na kitu cha kwanza alichouliza ni suruali ya mteja. Watu uani wakacheka, kile kicheko cha watu waliokuwa wameshaanza kulia.

Bibi Zaituni hakucheka. Alikuwa amekaa kitandani kwetu, ameshika zile sindano alizonipa, lakini hafumi. Nikamuuliza, "Bibi, ulijuaje?"

Aliweka sindano mapajani. "Mdogo wangu na mumewe. Hapo mtaa wa Bertrams, baridi yetu ya kwanza. Niliwapelekea uji asubuhi. Nilidhani wamelala."

"Kwa nini hukumwambia Baraka vile, pale mlangoni?"

"Maneno hayo hayatoki kwa haraka, Mama Baraka. Niliyatafuta sikuyapata. Nikaona nikae."

Kesho yake Baraka alivuka ua, akachuchumaa mbele yake, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. Walichozungumza sikijui, na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo alikuwa akitoka kazini, ananawa, anambeba bintiye kifuani mchana kweupe uani, wanaume wakimcheka. Baadaye wakaacha kumcheka. Mmoja wao alipopata mtoto alikuja kuuliza kitenge kinafungwaje. Mapendo mwenyewe sasa anakimbia huku na huku, anasema Kizulu kuliko Kiswahili, na akiitwa kula hasikii.

Sasa nisikilize, mwanangu. La kwanza ni la nyumba: moto wa makaa hauingii ndani ya chumba kilichofungwa, hata uwe mwekundu wa kupendeza, hata baridi iwe kali kiasi gani. Moshi ni adui anayebisha hodi. Huyu mwingine, sumu ya makaa, haonekani wala hanuki. Na mtoto mdogo dawa yake ya baridi ni mwili wa mtu anayempenda, awe mama, awe baba, awe bibi. Usione haya kuuliza, na usione haya kusema ulichofundishwa. Haya ya Riziki ilikuwa karibu kutugharimu sawa na hasira ya Baraka.

La pili ni la maisha. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini si kila aliyeona anaweza kusema. Wazee wengine wanakukataza bila kukupa sababu, na wewe unaona ni ukaidi au wivu wa uzee. Kabla hujainua mguu kumruka mtu, usimuulize ana haki gani ya kukuzuia. Muulize ameona nini. Asipoweza kukujibu, chukulia kwamba ameona kikubwa, rudi nyuma hatua moja. Na ukizeeka, jitahidi kusema mapema kuliko alivyoweza Bibi wa watu, kama ninavyojitahidi mimi leo.

Mungu akujalie nyumba yenye amani na mlango usiokosa majirani. Wanao wakue mpaka wakushinde mbio. Na popote utakapohamia, ukawe mwana wa mtu hapo, usikose wa kukuita mjukuu wangu. Amina.