Fundi Bomba Alipokaa Kuchorwa

Mtaa mzima humwita Koki. Yeye anasema walimpa jina hilo kwa sababu ni fundi bomba. Watu wanasema ni kwa sababu akishaanza kuongea hakuna wa kumfunga. Kisa hiki cha Wiki ya Sanaa amekisimulia mwenyewe chini ya masinki ya watu wengi, kichwa ndani ya kabati na miguu nje, na kila anapokisimulia hujipunguzia heshima kidogo zaidi. "Mjinga wa kisa hiki ni mimi," huanza hivyo, "usihangaike kumtafuta mwingine." Nasi tumwamini, maana katika jambo hili hakutia chumvi hata kidogo.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yake, kuna duka la fundi cherehani mmoja. Wanamwita Bi Pindo, kwa kuwa hajawahi kuona vazi likipita bila kumwambia mwenye nalo kwamba pindo lake limekaa upande. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye macho yasiyodanganyika. Koki alimpenda. Tuliseme hivyo waziwazi, kwa sababu yeye alikaa nalo miaka miwili bila kulisema. Mkewe alikuwa amefariki zamani, watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, na hakukuwa na wa kumzuia isipokuwa ulimi wake mwenyewe, ule ule uliokuwa ukiwachosha watu wengine wote.

Mbele ya Bi Pindo alikuwa bubu. Mbinu aliyobuni ilikuwa ya kitoto: alichana ovaroli yake ya kazi na kuipeleka ishonwe. Akachana goti, akachana kiwiko, akachana mfuko, mpaka viraka vikawa vingi kuliko ovaroli. Siku moja Bi Pindo aliinyanyua, akaigeuzageuza, akamuuliza: "Fundi, hii ovaroli unaivaa au unapigana nayo?" Koki, aliyekuwa ameshika neno tamu njia nzima, alijibu kwamba mabomba ya siku hizi yana ncha kali. Akavuka barabara akijitukana kimoyomoyo.

Habari mbaya aliletewa na dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa historia na mwenyekiti wa kila kamati iliyowahi kuundwa pale mtaani. Alimkuta Koki anakula, akamwambia kwamba Bi Pindo ameitwa na dada yake wa mji mwingine wakafungue karakana ya ushonaji pamoja. Angemjibu Jumamosi, mara Wiki ya Sanaa itakapokwisha, kwa kuwa alikuwa ameahidi kushona mavazi ya mchezo wa kuigiza na hakutaka kuvunja ahadi. "Kama una neno, liseme wiki hii," dada mtu akasema. Koki akauliza neno gani. Dada yake akamtazama vile alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliosema daftari limesahaulika nyumbani, kisha akaondoka.

Wiki yenyewe ilifanyika katika ukumbi wa jamii: mchana darasa la kuchora, jioni mhadhara, hadithi au kwaya, na Ijumaa maonyesho ya picha na mchezo wa kufungia. Koki hakuwa na sehemu humo. Kwa maoni yake sanaa ilikuwa kazi ya watu wasio na koki zinazovuja. Lakini koki ya jikoni pale ukumbini ilivuja, naye akaitwa Jumatatu, na ndipo mwalimu wa kuchora alipomkuta amesimama na spana mkononi.

Mwalimu huyo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye rangi hadi viwikoni. Mlinzi aliyekubali kukaa achorwe alikuwa ameamka na jipu shavuni, na darasa lilikuwa linasubiri. Akamzunguka Koki polepole, akasema: "Una kichwa adimu sana." Koki akavimba. Alinawa uso kwenye koki aliyotoka kuitengeneza, akachana nywele zilizobaki, akaingia ukumbini amenyoosha shingo. Baadaye sana ndipo alipopata habari ya maneno ambayo mwalimu aliwaambia wanafunzi wake kwa sauti ya chini: kwamba uso laini ungewashinda wanaoanza, lakini huu, hata mtu akikosea, picha itafanana.

Mwalimu alimpa sharti moja tu. Achague kitu kisichosogea, akikazie macho, wala asiyaondoe. Koki anaapa kwamba alianza na swichi ya taa. Swichi haikumaliza hata dakika. Upande wa pili wa ukumbi, chini ya jukwaa, Bi Pindo alikuwa ameweka cherehani yake kati ya rundo la mavazi ya wafalme na wakulima, ameinama, pini mdomoni, hasogei. Macho ya Koki yakaenda huko yenyewe. Akajiona mjanja wa mwisho duniani. Hapa alikuwa na ruhusa rasmi ya kumtazama Bi Pindo mchana kutwa, mbele za watu, na hakuna aliyejua, kwa kuwa wote walikuwa wanahangaika na pua yake.

Kila siku mwalimu alikigeuza kiti ili wanafunzi wapate upande mwingine wa kichwa. Kiti kiligeuka, kichwa kiligeuka, macho yakabaki kule kule. Kufikia Jumatano shingo ilikuwa inamuuma hata kumeza chai ilikuwa kazi. Alimwambia dada yake ni mabomba.

Usidhani hakujaribu kusema. Jumanne jioni dada yake alitoa mhadhara juu ya asili ya mtaa, na Koki alikusudia kukaa karibu na Bi Pindo na kumnong'oneza jambo. Bahati mbaya mhadhara uligusia mwaka ambao maji ya bomba yaliingia mtaani. Koki hakukubaliana na mwaka ule. Alisimama kusahihisha, mwingine akasimama kulalamikia bili, na historia ya mtaa ikageuka mkutano wa maji. Alipokaa tena, kiti cha jirani kilikuwa kitupu.

Jumatano ilikuwa zamu ya hadithi. Alijitolea kusimulia ili Bi Pindo aisikie sauti yake ikiwa na adabu. Akasimulia nyumba iliyofurika maji, akaingia chumba kwa chumba, akaeleza na aina ya viungio, mpaka msimamizi akagonga kengele kwa upole, kisha bila upole. Bi Pindo alipiga makofi pamoja na wengine. Koki alitaka kuamini kwamba makofi ya Bi Pindo yalikuwa marefu kidogo, lakini hata yeye alijua walikuwa wanamshukuru kwa kunyamaza.

Alhamisi alikata shauri. Wakati wa mapumziko alimimina chai, akapita kati ya wachoraji bila kumwaga, akafika mbele ya cherehani. Maneno aliyatengeneza tangu alfajiri na yalikuwa mazuri. "Chai," akasema. Bi Pindo akatoa pini mdomoni, akasema asante. Koki akarudi kitini kwake. Hiyo ndiyo hotuba yake yote, na aliketi kama mtu aliyetoka kuhutubia taifa.

Ijumaa akaja amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya harusi ya mwanawe. Moyoni alijidanganya kwamba Bi Pindo akiona picha nyingi vile za mtu mmoja huenda ataona kitu ambacho mdomo ulishindwa kusema. Picha zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na watu walikuwa wanapita wakicheka na kujizuia kucheka. Koki alizisogelea. Katika moja alikuwa na sikio linaloweza kuning'inizwa koti. Katika nyingine, kidevu kilikuwa kimepotea kabisa. Lakini si hilo lililomshtua. Katika ile aliyoichora muuza dawa, mmoja wa wanafunzi, macho yalikuwa yamekimbilia pembe ya kushoto kama ya mtu anayeiba. Katika ile ya muuza magodoro yalikuwa pembe ya kulia. Katika ile ya karani wa posta, Koki alikuwa amepinda shingo nzima kuangalia nyuma yake mwenyewe.

"Mbona kwangu anaangalia pembeni?" muuza dawa akauliza. Muuza magodoro akasema hata kwake. Karani wa posta alikiri kwamba alifuta macho yale mara kadhaa na kila akiyachora upya yalirudi pale pale. Wakaingiwa na aibu ya wanafunzi, wakamwendea mwalimu kumuuliza kama wote wamekosea kosa moja.

Mwalimu alikuwa na heshima ya darasa lake, na hapo alikuwa ameguswa. Akasema wanafunzi wake hawakukosea. Wamechora walichokiona, tena walichokiona ni kweli, na angewathibitishia watu wote waliokuwamo humo. Akamwagiza kila mmoja aende asimame pale pale alipokuwa amekaa siku ya picha yake, kisha anyooshe mkono kuelekea mahali macho ya picha yanapotazama.

Koki alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote. Alijaribu kuingilia. Alisema kwa sauti kubwa kwamba presha ya maji leo iko chini, tena si kidogo. Hakuna aliyegeuka. Walikwenda kila mtu mahali pake, muuza dawa dirishani, muuza magodoro karibu na mlango, karani nyuma ya nguzo, na wengine waliobaki wakazunguka kiti kilichokuwa bado katikati. Wakanyoosha mikono. Ilichukua muda kidogo mpaka watu wafuate vidole kwa macho. Vyote vilikutana chini ya jukwaa, kwa Bi Pindo, aliyekuwa anamalizia pindo la pazia la mchezo.

Dada yake Koki alijifunika mdomo kwa ratiba. Koki anasema kwamba aliangalia sakafu akitafuta mfuniko wa mtaro, kwa mazoea ya kazi, akakumbuka kwamba ukumbi ule hauna mtaro.

Bi Pindo aliinua kichwa. Aliviangalia vidole kimoja kimoja, akamwangalia Koki aliyekuwa amesimama na shati lake la pasi, jasho likimtoka. Kisha akageuka nyuma yake, ambako ukutani palikuwa na saa.

"Nadhani alikuwa anaangalia saa," akasema kwa upole. "Mtu akikaa sana kitini huangalia saa."

Watu wakapumua. Mikono ikaanza kushuka. Muuza dawa akasema kweli, ndivyo ilivyo. Ulikuwa mlango, na mwanamke mwema alikuwa ameufungua kwa makusudi ili mwanamume mzima asiumbuke mbele ya mtaa. Koki aliuona. Anasema mguu wake mmoja ulishaanza kuingia, maana milango ya namna ile ndiyo aliyokuwa akipitia miaka yote miwili, na kila alipotoka upande wa pili alijikuta peke yake. Kesho ilikuwa Jumamosi. Aliogopa, na hofu ile haikuwa ya kucheka.

"Siyo saa, fundi," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, si ile ya chini ya masinki. "Nilikuwa nakuangalia wewe. Wiki nzima. Na kabla ya wiki hii." Na kwa kuwa ni Koki, na hajui pa kuishia, akaongeza: "Hata hiyo saa yenyewe haiendi."

Bi Pindo alitoa mguu kwenye kanyagio. Alilikunja pazia vizuri, akaliweka mezani, akachukua kigoda chake na kukileta mpaka katikati ya ukumbi, mbele ya kile kiti cha kuchorewa.

"Kaa," akamwambia.

Koki akakaa.

"Umeniangalia wiki nzima nimeinama, pini mdomoni, nywele timtim. Hukuniuliza." Akaketi kwenye kigoda, magoti yao yakikaribia kugusana. "Sasa ni zamu yangu. Dada yangu anataka jibu kesho, na mimi sikati shauri juu ya kitu ambacho sijakiangalia vizuri."

Akamwangalia. Hakutabasamu. Alimwangalia kama anavyoangalia kitambaa mchana kweupe, upande wa nje kwanza na wa ndani baadaye, bila haraka ya mteja. Koki alitafuta kitu kisichosogea cha kukazia macho. Alijaribu swichi. Alijaribu nguzo. Mwisho macho yalimrudia Bi Pindo, na safari hii yalikuta macho mengine yanayangoja, na Koki akaona uchungu na furaha pamoja, akadhani atalia mbele ya muuza magodoro.

"Utaweza kuangaliwa hivi kila siku?" Bi Pindo akauliza, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia.

"Nitaweza."

"Basi shusha mabega. Umekaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti."

Koki akashusha mabega. Bi Pindo akaendelea kumwangalia kidogo zaidi, kisha akageuka kuelekea mlangoni, alikosimama dada mtu na ratiba yake bado mdomoni.

"Mwalimu," akamwambia, "naomba simu yako. Nimpigie dada yangu, asije akaninunulia cherehani kule."

Simu ikaletwa, watu wakasogea pembeni kwa adabu, na Bi Pindo akaenda kuongea karibu na dirisha. Koki alibaki kitini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anaweza kusogea.