Waya wa AUX Kwenye Pikapu ya Tangawizi

Najua utacheka. Cheka kwanza umalize, halafu unisikilize, maana haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, saa nane mchana, Same mjini, jua linawaka na watu wanapita barabarani. Wengi wanaosimulia mambo ya namna hii husema ilikuwa usiku wa manane. Mimi sina usiku wa kukupa. Ningekuwa nao ningesema nilikuwa na usingizi, yakaisha.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Gari likija na redio yake ya kiwandani, ile ya kaseti isiyojua simu ni kitu gani, naifungua, nachomelea waya wa AUX, na mwenye gari anasikiliza nyimbo za simu yake kwenye spika zilezile. Nimefunga nyingi hata sizihesabu.

Siku hiyo upepo wa Same ulikuwa umeamka vibaya. Kama umewahi kupita kwetu unaujua: unakujaza vumbi masikioni, na ukikaa nao siku tatu unagombana na watu bure. Nilikuwa nimeshagombana na wawili. Ndipo ikaingia pikapu nyeupe, kuukuu, inanuka tangawizi mpaka chafya. Aliyeshuka alikuwa mkulima wa Myamba, kule milimani, mtu wa makamo ya baba yangu. Nitamwita Mzee Elia, sitaki kumwanika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Kaseti imekwama humu, haitoki. Sitaki kuisikia tena. Niwekee waya wa simu."

"Si bora nikubadilishie redio nzima, mzee?"

"Redio ni hiyohiyo!" akafoka. "Isitoke kwenye gari langu."

Nikachukua bisibisi. Mteja ni mfalme, hata akiwa na kisirani. Akavuka barabara kwenda kula kwa mama ntilie.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu huniambia nimekosea kuunga. Redio ya namna ile haipitishi sauti ya simu mpaka kaseti iwe inazunguka. Kwa hiyo sikuhangaika kuitoa iliyokwama. Nilikata nyaya zinazobeba sauti kutoka kwenye kaseti, nikaunga zangu mahali pake. Kaseti izunguke, lakini iwe bubu. Simu yangu ilikuwa mezani inachajiwa. Pini ya AUX ilikuwa mkononi mwangu, haijachomekwa popote. Sauti ingetoka wapi?

Nikawasha nisikilize kama kuna mkoromo. Spika zilikuwa kimya kabisa.

"Shikamoo, baba."

Sauti ya msichana, imechoka kidogo. Nami nikaitikia, "Marahaba." Ungefanya nini? Nina watoto wanne. Mtu akinisalimia, mdomo unajibu kabla kichwa hakijapata habari. Nilikuwa nimeinama chini ya dashibodi, nikadhani kuna mtoto wa mtu dirishani.

"Umefika wapi, baba?"

Niamini, hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Nilijibu kama tunavyojibu sote kwenye simu, hata viatu hatujavaa: "Niko njiani, mama, nakaribia."

"Haya. Nakusubiri."

Nikainua kichwa. Dirishani hapakuwa na mtu. Nikatazama pini kiganjani, kisha spika, kisha pini tena. Sijui nilitokaje kwenye lile gari. Ninachojua ni kwamba goti lilikuwa linavuja damu.

Mzee Elia aliporudi alinikuta nimesimama mbali, nimeshika bisibisi kama panga. Hakuuliza kuna nini. Aliuliza, "Umemwitikia?"

Nikakubali kwa kichwa. Mzee akakaa chini vumbini, na suruali yake ya kwendea mjini, akaanza kulia.

Alikuwa na binti, Namkunda, aliyeipenda hiyo kaseti ya kwaya kupita kiasi. Binti huyo aliugua ghafla nyumbani Myamba, siku ambayo baba yake alikuwa Same na mzigo wa tangawizi. Akapiga simu: shikamoo baba, umefika wapi? Mzee alikuwa bado amesimama sokoni, anamngoja mnunuzi alegee. Akajibu, "Nimeshapita Kisiwani, nakaribia." Kwa jibu hilo, waliokuwa nyumbani wakamwambia jirani aliyekuwa anashuka na gari lake atangulie tu, baba mtu amekaribia, atampeleka mwenyewe hospitali. Mzee alipofika, alikuta kilio kimeshaanza.

Tangu mazishi, kila kaseti ile ilipopumzika kati ya wimbo na wimbo, sauti ilimsalimia. Hakuitikia hata mara moja. Wazee walimfundisha kama walivyonifundisha mimi: sauti ya mtu usiyemwona usiitikie, ukiitikia itakuwa yako. Alitaka waya wa simu ili asiisikie tena. Kuitupa redio hakuweza.

Niliogopa, sikufichi, lakini huruma ilinizidi. Tukaingia garini wote wawili, nikawasha.

"Shikamoo, baba. Umefika wapi?"

"Umesikia?" nikamuuliza mzee.

"Sisikii kitu." Alikuwa amebandika sikio kwenye spika ya mlangoni. "Anasema nini? Fundi, nakuomba, anasema nini?"

Nikamwambia. Mzee akashika usukani kwa mikono miwili. "Mwambie niko Same. Mwambie bado niko Same, sijatoka hata hatua moja. Wasinisubiri. Apande gari la jirani."

Nikayasema yote, neno kwa neno, mtu mzima na ndevu zangu, naongea na redio. Kaseti ikazunguka mpaka mwisho wa upande. Hakujibu.

Huu ni mwaka wa pili. Kila redio ninayoifunga AUX, iwe ya gari gani, kabla sijachomeka simu ananisalimia. Naitikia. Nimnyime? Akiuliza nimefika wapi, namwambia ukweli: niko Same, chini ya dashibodi, jasho linanitoka. Hapo hunyamaza. Mwenzako siku hizi situlii, simu ikilia naruka, na mke wangu amechoka kuniuliza. Mzee Elia naye kila akishuka na tangawizi hupitia kwangu, huvuta kigoda.

"Amesalimia leo?"

"Amesalimia, mzee."

Hukaa kidogo, akaondoka. Sijawahi kuona mtu anayemwonea wivu fundi redio, ila yeye.

Sikuambii uogope redio. Gari lako lete, nitakufungia. Ninachokuonya ni kimoja: siku mtu wako akikupigia na kukuuliza umefika wapi, nawe bado unatafuta kiatu kimoja uvunguni, mwambie bado unatafuta kiatu. Huwezi kujua. Huenda mlangoni kwake gari la jirani limeshawashwa, dereva ameshika gia, anangoja kusikia utakavyojibu.